Vitenge vya Mwaka 1906

Historia ya mashindano ya wanawake ya kuteleza kwenye barafu ina ukurasa mmoja niliouongeza mimi mwenyewe, Jumapili moja ya Novemba 2012, nikiwa nimesimama mbele ya televisheni iliyozimwa katika sebule ya Maman Mauwa, Koekelberg, Brussels. Kurasa nyingine zote ni za kweli na mtu anaweza kwenda kuzisoma. Huo mmoja ni wa uongo, na ndio pekee ambao akina mama wa Katanga wa mtaani kwetu wanaukumbuka kwa moyo.

Kabla sijahukumiwa, nieleze sifa zangu. Jina langu ni Nusura Mudathir. Nilisoma shule ya bweni ya wasichana mkoani Tanga hadi kidato cha tatu, na niliagwa kwa heshima zote: barua moja, saini mbili na mhuri. Kosa langu lilikuwa kusimama kwenye mstari wa asubuhi na kutangaza, kwa uso wa msiba, kwamba Mkaguzi wa Kanda angefika Alhamisi. Hakuna aliyeniuliza nimeambiwa na nani. Shule nzima ilipiga deki siku mbili, mawe ya njiani yakapakwa chokaa, mpishi akatoa nyama nje ya ratiba. Alhamisi yenyewe walimu walisimama getini wamefunga tai tangu saa mbili hadi saa saba. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba uongo hauhitaji utamu. Unahitaji tarehe na uso wa msiba.

Baba, ambaye ni karani ubalozini, alinileta Brussels akisema kwamba huku hakuna mstari wa asubuhi. Alisahau kwamba kuna akina mama.

Anaïs Tshibangu aliishi ghorofa ya juu yetu, na shuleni tulikaa dawati moja. Alizaliwa Lubumbashi, akaletwa Ubelgiji akiwa na miaka sita, na alipofika minane walimu walilipeleka darasa lao kwenye uwanja wa barafu kwa matembezi. Wenzake wote walirudi siku ileile. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba sasa na bado hajarudi.

Kwake nilijifunza jambo moja ambalo kesi yangu yote imesimama juu yake. Kiatu cha barafu kina chuma chini, na chuma hicho si kama kisu. Kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na katikati yake mfereji mwembamba. Mtelezaji anaruka kutoka kwenye ukali na anatua kwenye ukali. Ukikwaruza ukali huo kwa punje ya changarawe, ni sawa na kumkata mtu mguu bila kumwaga damu. Kwa hiyo nje ya barafu chuma huvishwa kifuniko cha plastiki, na kifuniko hakivuliwi mpaka mguu umefika mlangoni pa barafu.

Siwezi kujitetea kwamba sikujua. Mwaka uliotangulia nilimfichia kifuniko kimoja, nikitaka kucheka dakika mbili. Anaïs alikaa juu ya benchi, mguu mmoja hewani kama korongo, dakika ishirini na tano, hadi nilipochoka mwenyewe na kukitoa mkobani. Hakunitukana. Alisema tu kwamba siku nyingine ni afadhali nimwibie chakula.

Sasa kuhusu thelathini na sita. Ili apelekwe kwenye mashindano ya Ulaya ya mwezi Januari, Anaïs alitakiwa apate alama thelathini na sita za ufundi katika mchezo mrefu, katika shindano la kimataifa, kabla Novemba haijaisha. Oktoba alipata thelathini na nne na nukta tisa. Mazoezini alikuwa anagusa arobaini. Lilibaki shindano moja, nalo lilikuwa hapahapa Brussels, Jumamosi, wasichana kumi na tisa kutoka nchi kumi. Asipofikisha, kocha wake Viviane alikuwa ameshamweleza bila kumficha kitakachofuata: saa zake za barafu za alfajiri, zile za kabla ya shule, zingepewa Lotte, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye nywele kama ndevu za mahindi, aliyekuwa akiruka kama chura. Klabu ilikuwa na saa hizo chache tu, na mtelezaji asiye nazo si mtelezaji tena. Ni mtu anayezunguka Jumapili mchana katikati ya familia zinazokula pipi.

Maman Mauwa, mama yake, hakuwahi kumwona akishindana hata mara moja. Miaka tisa. Alikuwa anasafisha ofisi karibu na stesheni ya Gare du Midi, na Jumamosi, siku ya mashindano, ndiyo siku ya kung'arisha sakafu. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Ile nyingine Anaïs aliijua bila kuambiwa: mama aliogopa kumwona mwanawe akianguka mbele ya wazungu na yeye hana la kufanya. Lakini mara hii aliomba ruhusa kazini. Akatangaza pia kwamba hatakwenda peke yake kama mtu anayekwenda hospitali. Angekwenda na wenzake sita wa chama chao cha Jumapili.

Anaïs alishuka kwetu jioni ile amefurahi na kuogopa kwa kipimo kimoja.

"Weye unajua kusema na bamaman," aliniambia. "Baambie mambo ya patinage. Baambie basipige kelele wakati niko naruka. Na chakula, hapana. Nusura, usibachezee."

Nikaahidi. Kwa bahati mbaya niliahidi kwa uso uleule ninaoutumia siku zote.

Nilianza vizuri, naapa. Niliwaeleza kwamba mwaka 1902, mjini London, mwanamke mmoja Mwingereza alijiandikisha kwenye mashindano ya dunia pamoja na wanaume, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuandika kwamba wanawake hawaruhusiwi. Akawa wa pili. Wakubwa wakakutana haraka wakakumbuka kuandika, na sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba sketi yake ndefu iliwazuia waamuzi kuona miguu. Hapo Maman Bertin, ambaye ndiye katibu wa chama na hatembei bila daftari, aliuliza kama hao waamuzi walikuja kutazama mchezo au kutazama miguu. Nikamjibu kwamba swali hilo bado liko mezani.

Niliwaeleza jinsi mwaka 1906 wanawake walivyopewa mashindano yao wenyewe huko Uswisi. Niliwaeleza jinsi kwa miaka mingi walivyochora nane kwenye barafu, waamuzi wakiinama kupima mistari kama mafundi cherehani, hadi jambo hilo likafutwa mwaka 1990. Niliwaeleza juu ya Mmarekani mweusi aliyechukua shaba ya Olimpiki mwaka 1988. Niliwaeleza juu ya Mfaransa mweusi ambaye mwaka 1998 alipiga sarakasi ya kinyumenyume iliyokatazwa na sheria, akatua kwa mguu mmoja, akawapa waamuzi mgongo. Sebule ikapiga makofi. Maman Mauwa peke yake hakupiga. Aliuliza kama mama wa huyo mtoto alikuwepo siku ile. Nikasema sijui, na hilo lilikuwa jibu langu la mwisho la unyoofu.

Nilimalizia na kashfa ya waamuzi ya mwaka 2002, ambayo baada yake ule mtindo wa alama hadi sita, zilizogawiwa kama baraka, ulifutwa, na siku hizi kila mruko unahesabiwa peke yake. Ndiyo maana ya thelathini na sita. Wote wakarudia pamoja kama kwaya: trente-six.

Nao kosa lao lilikuwa kunisikiliza. Wanawake saba, waliosimama wiki nzima kwenye ofisi na jikoni za watu, walikuwa wamekaa wima kwenye viti na kunitazama mimi, mtu mwenye barua, saini mbili na mhuri, kana kwamba ninasoma Injili. Maman Bertin alikuwa anaandika. Nikahisi kile nilichokihisi kwenye mstari wa asubuhi, raha ya kuaminiwa. Na kabla sijajizuia nikawaambia kwamba huko 1906, kila mtelezaji, ambaye siku hizo aliitwa malkia, alipotoka chumbani kwenda kwenye barafu, wanawake wa taifa lake walimtandikia vitambaa vyao chini apite juu yavyo, na kwamba mila hiyo njema ilikufa wakati wa vita.

Nikasubiri mmoja wao acheke ili nicheke.

"Alors bazungu banajuaka," Maman Mauwa alisema polepole. "Shiye tunatandikaka bitenge kwa bibi-harusi. Kumbe ni kintu ya batu bote."

Maman Bertin akaandika 1906, akapiga mstari chini yake. Kisha bukari, ugali wa kwao, ikaletwa, na mimi, badala ya kusema, nikala.

Jumamosi ile kulikuwa na ubaridi wa kuuma masikio, na mbele ya mlango wa uwanja walikuwa wamemwaga changarawe watu wasiteleze. Kila aliyeingia aliingia na punje zake kwenye soli. Mimi nilikuwa nimekaa jukwaani na karatasi aliyonipa Anaïs, iliyoandikwa miruko yake yote na thamani ya kila mmoja, ili nihesabu kadiri anavyokwenda. Nilijiona mtu muhimu sana.

Anaïs alikuwa wa mwisho katika kundi lake la wasichana sita. Wote walipasha mwili pamoja dakika sita, na nilimwona akiruka mruko wa mizunguko mitatu na kutua kimya, kama paka anayeshuka mezani. Hata Viviane, ambaye si mtu wa kutabasamu, aligeuka akafuta pua. Kisha Anaïs akavaa vifuniko, akarudi chumbani kungoja zamu yake, na wasichana watano wakaanza kwenda mmoja mmoja.

Akina mama hawakuwa jukwaani. Nilidhani wako chooni, kwa kuwa wanawake saba wakienda chooni huwa ni safari. Msichana wa tano alipokuwa anakaribia kumaliza ndipo nikasikia vigelegele vikitokea chini, kwenye ukumbi wa kuingilia.

Nilishuka ngazi nikirukia mbilimbili.

Kutoka vyumbani hadi barafuni kuna ujia mwembamba uliotandikwa mpira mweusi, nyuma ya majukwaa, mahali ambapo hakuna anayeona. Akina mama wa Katanga hawatandiki kitu mahali pasipo macho. Walikuwa wametandika katikati ya ukumbi, juu ya vigae, mbele ya watu wote: vitenge saba vya sherehe, kimoja baada ya kingine, kutoka mlango wa vyumba hadi mlango wa barafu. Chini ya vitenge vilikuwa vigae. Kati ya vitenge na vigae zilikuwa changarawe za soli mia tatu.

Anaïs alisimama mlangoni na gauni lake la buluu, vifuniko miguuni. Nilidhani atapita navyo na yaishe. Lakini Maman Bertin alikuwa ameshanyoosha kidole.

"Ile plastique, toa. Unatoka nayo ku choo, unataka kupita nayo ku bitenge ya bamaman?"

Mtu aliyelelewa kwao hawezi kulijibu hilo. Juu ya kitenge cha mama hupiti na uchafu wa nje. Hata bwana harusi huvua. Anaïs akatazama mwisho wa mstari, na kule mwisho, karibu na mlango wa barafu, alisimama Maman Mauwa na blauzi yake ya Krismasi, mikono yote miwili mdomoni. Miaka tisa alikuwa hajaja. Sasa amekuja, ametandika kitenge chake bora kuliko vyote, na analia tayari.

Kisha Anaïs akanitazama mimi. Hakuwa ananiuliza kama habari ya 1906 ni kweli. Alinijua mno kuniuliza. Alikuwa ananipa nafasi. Lilihitajika neno moja, nilidanganya, na angeweza kucheka na kupita ujia wa mpira, nami ningepigwa makofi saba ya haki na kwenda nyumbani. Nilikuwa na mdomo uliowafungisha walimu tai tangu saa mbili hadi saa saba. Nikaufungua. Nikauangalia uso wa Maman Mauwa. Nikaufunga.

Anaïs akainama, akavua vifuniko, akaniwekea mkononi. Vilikuwa vya baridi.

Akapita. Alijaribu kukanyaga kwa wepesi, mikono imenyooshwa kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, na wao wakimpigia vigelegele wakidhani ni madaha. Hatua ya kwanza hadi ya tisa sikusikia kitu. Hatua ya kumi, kwenye kitenge cha mama yake, nikasikia sauti ndogo chini ya vigelegele, kama jino linapokutana na jiwe kwenye wali. Halafu tena. Halafu akafika, mama yake akamshika uso kwa viganja viwili, na jina lake likatangazwa.

Viviane alikuwa ameegemea ukingo wa barafu, mgongo kwetu, akimtazama msichana wa tano akitoka. Alipogeuka aliona vitambaa, akaona miguu, na hakupoteza muda kuuliza. Akapiga goti, akapitisha ukucha wake juu ya chuma cha kulia. Ukucha ukakwama. Akatoa jiwe la kunolea mfukoni, akasugua, akapitisha ukucha, ukakwama palepale.

"Le dehors droit," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililonitisha zaidi.

Ukali wa nje wa mguu wa kulia. Anaïs anatua juu ya ukali huo kila mruko, bila hata mmoja kubaki. Mashine ya kunoa ilikuwa kwenye karakana ng'ambo ya mji, na mtelezaji aliyetangazwa ana dakika moja tu ya kwenda kusimama mahali pake. Nilianza kusema kwa Kifaransa kibovu kwamba tuombe muda, kwamba mimi ndiye, kwamba kosa. Viviane akanisogeza pembeni kwa mkono kama mtu anayesogeza kiti. Anaïs alikuwa ameshaingia.

Sijui kuomba dua vizuri. Bwenini nilikuwa namwigiza matroni anavyoomba, hadi wenzangu wanauma mashuka, na nadhani Mungu alikuwa na kumbukumbu hiyo mbele yake nilipojaribu kuomba siku ile kwa kweli. Nilishikilia vifuniko viwili kifuani na karatasi yangu ya hesabu, na muziki ukaanza.

Mruko wa kwanza ulikuwa ule wa mizunguko mitatu. Juu ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuuona. Chini, mguu wa kulia ulitafuta mahali pa kushika, haukupata, ukaondoka peke yake kama mlango uliofunguliwa na upepo. Akaanguka kwa nyonga. Katika karatasi yangu nikakata namba kubwa kuliko zote.

Nikageuka kuwatazama akina mama. Walikuwa wamekaa safu moja, kila mmoja ameziba mdomo wake kwa ncha ya kilemba, macho yametoka, na hakuna aliyetoa sauti hata ya kupumua. Niliwafundisha wasipige kelele. Walikuwa wameshika kila kitu nilichowafundisha, cha kweli na cha uongo, kwa uaminifu uleule.

Mruko wa pili aliutua kwa miguu miwili. Wa tatu aliufanya mizunguko miwili badala ya mitatu, na nikaelewa kwamba alikuwa anapiga hesabu kule ndani, anapanga upya mchezo wa dakika nne huku akiucheza, anakopa hapa alipe kule, na mguu mmoja ni wa mtu mwingine. Mizunguko ya kusimama haihitaji ukali ule sana. Aliizunguka mpaka gauni likawa duara moja la buluu. Nikaongeza, nikaongeza. Kwa hesabu yangu ulibaki mruko mmoja wa mwisho, na ukiwa wa mizunguko mitatu, na ukisimama, huenda.

Aliuruka mbele yetu hasa. Akatua. Chuma kikalia, barafu ikaruka kama unga, mguu ukatetemeka toka kifundo hadi paja, na akaushikilia. Sijui aliushikilia na nini, ukali haukuwepo. Akasimama. Akina mama wakaachia vilemba, na uwanja mzima wa watu kutoka nchi kumi ukajua siku ile kigelegele ni nini.

Alama za ufundi zilibandikwa ukutani kwenye karatasi, baada ya robo saa. Tulisimama pale, mimi na yeye na Viviane na wale saba nyuma yetu. Viviane alifuata mstari kwa kidole.

Thelathini na tano na nukta mbili.

Ilikuwa alama kubwa kuliko zote alizowahi kupata maishani mwake, na haikutosha. Viviane alimwekea mkono begani, akauacha pale muda kidogo, akaenda. Habari ya saa za alfajiri alikuwa ameshaisema wiki mbili kabla.

"Trente-cinq ni karibu na trente-six, non?" aliuliza Maman Bertin.

Maman Mauwa alisogea mbele. Kitenge chake alikuwa amekikunja mkononi, na nikaona kimekatwa, mipasuko minne myembamba, misafi kama ya wembe. Alimtazama bintiye kutoka chini, kama mtu anayeomba radhi mahakamani.

"Ni sababu nilikuja?" aliuliza. "Miaka yote sikuya, ulikuwa unashinda. Leo nakuja, unaanguka. Ni mi nilileta mukosi?"

"Hapana, maman," Anaïs alisema. "Ni mi. Mguu yangu ilichoka."

Akamkumbatia. Juu ya bega la mama yake macho yake yalinipata, na hayakuwa na machozi.

Nilimfuata chumbani. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba, na safari hii ilikuwa ya kweli tupu: ningewakusanya, ningesema mbele ya wote, ningeanza na Mkaguzi wa Kanda na kumalizia na 1906. Anaïs alikuwa anafuta vyuma vyake kwa kitambaa, taratibu, kama kila siku, hata ule uliokufa. Aliniacha niongee mpaka nikaishiwa.

"Ukimuambia ni uongo," alisema, "atajua ni kitenge yake njo iliharibu. Ataacha kuya kuniona fasi yote. Hata ku ndoa yangu hatakuya, ataogopa."

Nikamuuliza sasa nifanye nini, maana sikuweza kubaki hivi.

"Utabaki hivi. Ile uongo ni yako. Uichunge."

Nimeadhibiwa mara nyingi. Nimepiga deki vyoo vya bweni, nimekata nyasi za uwanja wa mpira kwa fyekeo butu, nimesimama juani na tofali kichwani. Hakuna aliyewahi kuniadhibu kwa kuninyima kuungama.

Januari mashindano ya Ulaya yalionyeshwa kwenye televisheni, na ghorofa ya juu haikuiwasha. Asubuhi Anaïs alianza kupanda tramu moja na mimi, saa moja na nusu, kama watu wote. Jumapili mchana alikwenda kuzunguka uwanjani katikati ya familia za pipi. Nilimfuata mara moja, nikaona watoto wakimgonga magotini, sikumfuata tena.

Maman Mauwa hakukishona kitenge. Alikitundika ukutani sebuleni, juu ya televisheni, mipasuko minne imetazama watu, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa kwa kidole: njo fasi mutoto wangu alipita. Na kila mgeni alipouliza maana yake, niliitwa kutoka ghorofa ya chini nije nieleze mila ya mwaka 1906. Kufikia Machi nilikuwa nimeieleza mara sita. Kwa aibu yangu, ilikuwa inazidi kuwa nzuri.

Mara ya saba ilikuwa Jumapili ya chama. Nilimaliza, wageni wawili wapya kutoka Likasi wakatikisa vichwa kwa heshima, na Maman Mauwa akasema ana jambo. Alikuwa amesikia kwamba Jumamosi ijayo yule mtoto Lotte, aliyepewa saa za Anaïs, anashindana kimataifa kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesikia pia kwamba mama yake ni muuguzi na siku hiyo ana zamu.

"Bon. Mutoto hana muntu wa kumutandikia," alisema. "Ni kosa yake? Tutaenda shiye. Kitenge yangu nitaishusha, itatangulia."

Wote wakakubali. Maman Bertin akafungua daftari kuandika saa ya kuondoka.

Anaïs alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani mkononi, anaikausha. Aliacha kuikausha. Nikamtazama, na nikafanya kile alichonifanyia mimi kwenye ukumbi ule: nikampa nafasi. Ukimya ungetosha. Jumamosi ukali wa mtoto mmoja ungekufa kwa heshima kubwa juu ya vitenge saba, na saa za alfajiri zingekuwa hazina mwenyewe. Nilijua anaiona hesabu hiyo, kwa kuwa niliiona mimi. Maji yalikuwa yanadondoka jikoni. Sitasema yalidondoka mara ngapi, lakini hazikuwa chache.

"Nusura," alisema mwishowe, "haujabaambia bado ya mwaka 1907."

Nikasimama tena mbele ya televisheni. Nilivaa uso wa msiba, na safari hii haukuhitaji kuvaliwa. Nikasema kwamba mwaka 1907 malkia wote walikutana, wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayevua vifuniko juu ya vitambaa. Vifuniko vioshwe kwa sabuni mbele ya mama mtandikaji, vikaushwe, na mtu apite navyo. Anayevua, nikasema, anamvunjia heshima aliyetandika.

"Juu ya nini?" aliuliza Maman Bertin. "Mwaka mumoja tu, banabadilisha?"

Mimi, Nusura Mudathir, nilisimama mbele ya wanawake tisa mdomo wazi na hakikutoka kitu.

"Juu kulikuwa mumoja alipoteza," Anaïs alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameanza tena kukausha sahani.

Maman Mauwa akageuka. "Nani?"

"Habakuandika jina."

Maman Bertin alisikitika kwa ulimi. Akafungua ukurasa mpya, akaandika 1907, akapiga mstari chini yake, akanitazama, akisubiri niendelee.